Mwaka wa Ugenini Nilioukana

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimemdanganya binti yangu na sasa uongo umenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Kitindamimba wangu huyu amemaliza shule, chuo kikuu kimemkubali na kiko tayari kumshikia nafasi mwaka mzima, naye anataka autumie mwaka huo kuzunguka nchi ya kigeni, afanye vibarua, ajifunze lugha, na aliponiuliza kama mimi sikufanya hivyohivyo nikiwa rika lake, nikamjibu, "Nilipoteza mwaka wangu bure. Usirudie ujinga wangu."

Si kweli, mshauri. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikapanga chumba juu ya duka la fundi viatu, ngazi zikinuka gundi na ngozi, nyundo yake ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi, na mkewe, mshona nguo mnene mcheshi, alinifundisha lugha yao huku nikimshikia kitambaa, hanipi chai mpaka niiombe kwa usahihi, na siku moja nikateleza ulimi nikaomba kikombe cha sabuni, akacheka hadi akaketi sakafuni, na tangu hapo mtaa mzima ukaniita Sabuni. Nikipata mapumziko nilipanda treni kwenda miji nisiyoijua, nikapotea, nikauliza njia, nikajibiwa, nikaelewa, na raha ile ya kuelewa sijaipata tena. Mpaka leo nikipita kwa fundi viatu miguu inasita yenyewe.

Mwezi wa kumi baba akafariki ghafla. Simu aliipokea yule mama mshona nguo, akapanda ngazi kuniambia, akanifungia mizigo kwa mikono yake, nikafika nyumbani siku mbili baada ya mazishi, na kaka yangu mkubwa akanipokea mlangoni akisema, "Baba alikuwa anakuita, na wewe ulikuwa unatalii." Basi nikaufunga mdomo, hata mume wangu anajua nusunusu, yule mama sikumwandikia hata mstari, na kila nikiukumbuka mwaka ule nikatabasamu, najiona mkosaji. Sasa binti yangu hali chakula vizuri, ananijibu "ndiyo mama" tu, na chuo kinataka jibu wiki ijayo. Nimzuie au nimwache?

Mama Mwenye Siri

*

Dada yangu, pole. Kufiwa na mzazi ukiwa mbali ni kidonda, na kaka yako alikitia chumvi. Lakini naye alikuwa mfiwa, na mfiwa husema lolote. Wewe ndiye uliyelichukua neno la siku moja ukalifanya hukumu ya maisha. Baba yako hakufa kwa sababu ulipanda treni. Angeweza kufa uko jikoni unamchemshia maji.

Sasa nikukemee. Binti yako hana kosa, nawe unamlipisha msiba wako. Umemwonyesha mama aliyepoteza mwaka, ukamficha yule aliyeitwa Sabuni. Huoni kwamba umemnyima mama?

Leo hiihii, kabla ya chakula, mwite chumbani, ufunge mlango, umweleze yote, kicheko na kilio, bila kuchuja. Lakini anza na mumeo; si haki asikie kwa mtoto. Kisha muulize binti maswali ya watu wazima: atakaa kwa nani, atafanya kazi gani, mkiugua huku mtampata kwa simu ya nani, na akihitajika ghafla atarudije. Ahadi ya chuo iwe barua yenye tarehe, si maneno ya mdomo. Majibu yakiwa sawa, mwache aende, halafu mpeleke akamuage mjomba wake. Yawezekana kaka yako naye amejuta miaka yote hii na hajui pa kuanzia.

Yule mshona nguo mwandikie. Kama hayupo, barua itapokelewa na wanawe. Usijaze kurasa tatu za radhi, mshukuru.

Siku ya safari utalia. Lia, hakuna atakayekushangaa. Ila usimwambie binti arudi upesi.