Barafu ya Arobaini ya Salma

Guangzhou, chumba kile kile cha juu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yameamkaje? Na dawa za presha, unazimeza au unazificha chini ya mto kama mwaka jana? Sisi huku tunakula na kulala, na mjukuu wako anaongeza mashavu. Nimeandika kwa mkono makusudi. Simu yako unaisikiliza kwa sauti ya juu barazani, nami sitaki mambo haya yafike kwa majirani kabla ya kufika kwako. Atakayekuletea ni Mwajuma muuza mitandio, anarudi Tanga na mzigo wake. Ukiona bahasha imebandikwa gundi mara mbili, jua ameifungua.

Mama, baridi ya huku si ya theluji. Ni ya majimaji, inaingia kwenye godoro na haitoki. Joto letu ni kiyoyozi, hicho hicho cha kupoza; ukibonyeza alama ya jua kinatoa hewa ya moto. Kisanduku chake cha nje kimefungwa kwenye vyuma chini ya dirisha la chumba anacholala Salma. Alipotoka kujifungua kilifanya kazi vizuri. Kisha kikaanza kutoa hewa vuguvugu, halafu baridi tupu. Nikachungulia kwa dirisha la jikoni, nikaona ubavu wa kisanduku umejaa barafu nyeupe. Mdogo wangu yumo ndani ya arobaini yake, anatetemeka! Miguu ya mtoto imepoa, ananyonya kidogo na kuacha. Na shemeji bado yuko mji wa Yiwu anafuatilia mzigo. Niliogopa mama, sikufichi.

Basi nikaanza kumtafuta mchawi.

Wa kwanza alikuwa mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita Laoban, yaani bosi. Tangu Salma atoke hospitali, mama huyu alikuwa akipanda ngazi kila asubuhi. Anabisha, anaingiza kichwa, anatazama kitanda, anagusa ukuta, anaondoka. Anatafuta nini? Nikajiambia anakitaka chumba chake ampe mwingine kwa kodi kubwa. Mara nikamwona uani, ameinua shingo, anakikazia macho kisanduku chetu. Siku hiyo hiyo barafu ikazidi. Wewe ungesema nini? Halafu akaleta chungu cha mayai yaliyopikwa kwa tangawizi na siki nyeusi. Nikakifunua, nikanusa, nikakifunika. Watu wa hapa chungu hicho hukitia miguu ya nguruwe. Nikakisukuma nyuma ya mlango.

Fundi niliyemtafuta mwenyewe mtaani ndiye aliyenimaliza. Hakutoa hata bisibisi. Alitazama kwa mbali, akasema gesi imeisha, lipa nijaze. Gesi imeisha vipi kwenye kitu ambacho juzi tu kilikuwa kinatuchoma? Lazima alikuwa amepanga njama na yule mama. Nikamfukuza, nikashuka hadi kwa Laoban, nikamwambia mbele ya wapangaji wake, nusu Kichina nusu mikono: "Laoban, wewe umeharibu mashine. Unataka tutoke!"

Uso ukamwiva. "Bu xing! Bu xing!" Haiwezekani, haiwezekani. Akaisemesha simu yake, nayo ikanitafsiria kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Mwanamke kuzaa, mwezi mzima hapana baridi. Mimi pia mama." Akavaa viatu, akatoka. Aliporudi alikuwa na fundi wake, akanipita mlangoni kwangu mwenyewe bila kunitazama.

Fundi akataka kuingia chumbani. Nikatangulia, Salma akajifunika. Yule bwana akafungua dirisha, akapitisha mkono nyuma ya kisanduku, pale kinapokaribiana na ukuta, akavuta. Kikatoka kiroba. Akavuta tena, kikatoka kingine. Vimeshindiliwa vipande vya vitambaa, vimekazwa kwa utepe wa gundi wa kufungia mizigo, na kona zimekunjwa kama anavyokunja mtu mmoja tu katika ukoo wetu. Unajua Salma akifunga robota halifumuki hadi Dar. Na vipande vyenyewe mimi ndiye niliyemletea kutoka kwa mafundi cherehani wa mtaa wa Kangle, nikidhani anashona mto wa mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako, mama.

"Inavuta hewa kwa nyuma," fundi akaeleza kupitia simu. "Mmeiziba pua."

Akaizima mpaka barafu ikayeyuka yote, akasugua vumbi kwa brashi, akaiwasha. Hewa ya moto ikaja, mtoto akapiga chafya, akaomba ziwa. Nikamgeukia Salma.

"Nani kakutuma?"

"Upepo ulikuwa unapita pale, dada, unapiga mluzi. Na mama alisema..."

Akanisikilizisha ujumbe kwenye simu yake. Ilikuwa sauti yako, na jogoo wa jirani nyuma yake anawika. "Zibeni kila tundu, upepo usimguse mzazi. Kila tundu, Salma! Na dada yako usimwambie, yule hubishia kila kitu."

Nimemtukana mwanamke wa watu mbele ya wapangaji wake, mama, kwa tundu ulilolifunga wewe ukiwa Tanga. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilipomwomba radhi alinipungia mkono tu, akauliza chungu chake kiko wapi. Nikamuuliza habari ya nguruwe. "Meiyou!" Hakuna, mayai tu, anatujua sisi. Salma kala yote. Mimi nilionja baadaye, baada ya kumwangalia Salma kwa muda na kuona hajabadilika.

Leo asubuhi Laoban kapanda tena. Nilisimama mlangoni nikimchunga. Akazishika nyayo za mtoto, akaona zina moto, akazifunika, akashuka. Ndivyo ungefanya wewe kama ungekuwa hapa. Nikaenda jikoni kulia kidogo. Kisha nikaenda kusoma mita ya umeme, maana kwa mita bado simwamini.

Mpe salamu zangu baba mdogo wa duka la mkaa, na shangazi aliyetuma uji wa pilipili manga, mwambie umefika. Na huyo mjukuu anayekushikia simu ukirekodi sauti, mwambie namjua. Salma anakuamkia, na mtoto anasubiri umsomee dua kwa simu, tundu moja nimeliacha wazi ili mashine ipumue.

Mwanao anayebishia kila kitu,

Mwanahawa