Mulango wa Iliasi

Kasongo

Yaya wangu Mwamvita, dada yangu mukubwa,

Tuko wazima hapa kwa mama mukwe. Mutoto ameota jino, ananiuma akinyonya, kisha anacheka.

Unaniomba shauri kwa sababu umejenga vyumba vya kupangisha huko Wamaza. Mimi najua moja tu: mupangaji usimung'olee mulango. Iliasi, mwenye nyumba yetu, aling'oa wetu nikiwa ndani ya arobaini ya uzazi, ili tutoke, sababu wanunuzi wa dhahabu walitaka kuipanga kwa bei kubwa. Nilitundika kitenge, mvua ikatulowesha, mutoto akakohoa mpaka nikadhani ninamupoteza, ndipo tukakimbilia huku.

Wanunuzi wamehama. Nyumba iko tupu, muchwa wanaila, na wanawake wote wa kisimani nimewaelezea, hakuna anayeitaka.

Jana Iliasi akaja. "Mama Shukurani, rudi. Nyumba inaniangukia."

"Leta mulango kwanza, niuone."

Akaubeba kichwani, akapita nao katikati ya soko, watu wanamucheka. Nikaupapasa, nikausifu.

"Basi utahamia lini?"

"Nikimaliza ile arobaini uliyoikatiza, muzee."

Shukurani akamucheka na lile jino lake. Iliasi akaondoka na mulango wake, akapita sokoni tena.

Vyumba vyako vipate watu wema, yaya.

Mudogo wako,
Zaituni