Injini Ndogo Husimama Baada ya Hatua Ngapi

Husby, 3 Februari 2025

Shikamoo Baba,

Natumaini kifua kimetulia na upepo wa Same haukusumbui. Mimi mzima. Kazini, ninakoendesha treni za chini ya ardhi, wamenipa likizo kidogo. Maktabani nimepata kitabu cha injini ndogo za mvuke zilizovuta treni za kwanza za chini ya ardhi, kabla ya umeme. Fupi, nene, kama jiko la mkaa. Wewe uliyeendesha garimoshi, niambie: mle shimoni mvuke ulikwenda wapi? Na breki ikikazwa, injini kama hiyo husimama baada ya hatua ngapi?

Mwanao, Elieshi

Same, 27 Februari

Marahaba mwanangu,

Wote wazima, kifua kimeacha kelele. Umenifurahisha! Dereva aligeuza valvu, mvuke ukarudi kwenye tangi la maji badala ya kutokea juu. Mkaa ulitiwa nje, shimoni moto haukuguswa. Ilikuwa kazi ya watu, siyo ninyi wabonyeza vitufe.

Breki zake sizijui. Injini yangu ilikwenda hatua mia nne. Nilizihesabu kwa miguu karibu na Makanya, mwaka 1978, baada ya kumgonga mama aliyebeba kuni. Sijawahi kumwambia mtu. Nawe huulizi hatua bure. Ulimgonga nani?

Baba yako

Husby, 20 Machi

Shikamoo Baba, habari za huko?

Mzee mmoja alijikwaa jukwaani, Januari, akaanguka relini. Wamesema sina kosa. Hatua tisini na mbili. Kesho yake nilirudi nikazihesabu. Sihisi kitu. Nakula, nafua. Mjukuu wako Jasmin akiniuliza jambo namjibu "ja, ja", ndiyo ndiyo ya huku, sijui kaniuliza nini. Mkuu wangu anataka jibu kabla ya katikati ya Mei: nirudi kuendesha au nikae ofisini.

Mwanao

Same, 11 Aprili

Marahaba, na pole sana mwanangu.

Mimi siku ya tatu nilikwenda matangani kwa yule mama, na sukari kilo mbili, nikijua watanipiga. Mumewe akanipisha mkekani. Nilikaa hadi jioni, kesho yake nikapanda injini. Nenda kawape pole. Mkono mtupu haulambwi.

Baba yako

Husby, 8 Mei

Shikamoo Baba, sisi tunaendelea.

Hapa hawakai matanga, na jina la marehemu sikupewa. Niliacha barua ofisini, wakaipeleka. Mjane akaniita kwake Bredäng. Nilikwenda na sukari kilo mbili. Aliitazama, akaniuliza kama nataka kuoka keki. Nikamweleza. Akaiweka mezani katikati yetu, tukakaa, saa nzima labda.

Kisha akauliza kama mumewe alikuwa peke yake. Nikasema hapana, alinitazama, nami sikufumba macho. Akasema miezi minne hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Sikulia. Nimemwambia mkuu kwamba Jumatatu naendesha. Wakati wa kuaga, yule mama alinishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi, Baba, na niliuhisi.

Mwanao, Elieshi