Bastola ya Kaka Yangu na Harusi ya Nicole

Bi Shahnaz mpendwa,

Nasoma ukurasa wako kila gazeti linapoletwa kanisani kwetu, na nikuambie ukweli, mara nyingi huwa nacheka shida za wenzangu huku nakunywa chai, leo zamu yangu imefika na sicheki, naomba unisaidie kwa sababu nimebanwa katikati ya watu ninaowapenda na kila nikigeukia upande mmoja naumiza mwingine.

Mimi ni mama wa Kikongo, kwetu Uvira, naishi hapa Weston, Toronto, na mume wangu Brice na kazi yangu ni kutunza wazee. Nina kaka mmoja tu duniani, anaitwa Eustache, mimi humwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu kule nyumbani. Yeye yuko Amerika, Kentucky, anaendesha lori la mizigo. Ukimbizi ndio uliotugawa, faili langu lilikuja Kanada, lake likaenda huko, tukalia kambini siku ya kuagana halafu tukasema bon, angalau ni bara moja.

Ili unielewe lazima nikuambie habari ya baba. Baba yetu aliuawa mchana kweupe wakati wa vita, na vijana wenye bunduki walioingia mtaani kwetu wakitafuta redio na mbuzi. Mama alikuwa ameshafariki siku nyingi. Mimi nilikuwa mtoto na yaya alikuwa kijana, akanivuta nyuma ya banda la kuku, akanikandamiza uso kifuani kwake na kuniziba mdomo kwa mkono, kwa hiyo mimi nilisikia tu. Baada ya hapo ni yaya aliyenibeba mgongoni mpaka tukavuka ziwa, na kule kambini Nyarugusu ndiye aliyekuwa mama yangu, ananiogesha, anapanga foleni ya unga, anajifunza kusuka nywele kwa kuwachungulia wanawake wa jirani, akishanisuka watu wananicheka njia nzima lakini mimi sikukubali mtu mwingine anishike kichwa. Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia, Bi Shahnaz, sizungumzii adui.

Tangu nifike Toronto tulikuwa tukipigiana simu kila Jumapili baada ya misa, tunaulizana mmekula nini, mgongo unaendeleaje, watoto wanasoma. Kisha siasa za Amerika zikaingia kwenye simu yetu, sijui hata zilipenya wapi. Yaya yuko barabarani kutwa nzima na redio inamwongelesha, mimi nikitoka kazini nafungua televisheni ya Amerika kwa sababu ya wasiwasi juu yake, basi redio yake inamwambia kwamba wale wa upande wa pili wanaiharibu nchi, na televisheni yangu inaniambia hivyohivyo juu ya wa upande wake. Akaanza kuniambia "watu wako". Watu wako wanataka kutunyang'anya silaha, watu wako wanataka tuwe kondoo. Nikamwambia yaya, mimi sina watu Amerika, hata kura sina. Akasema, "Lakini unaongea kama wao."

Mwaka jana wale wanafunzi walipouawa kule Florida nililia kana kwamba ni watoto wangu, nikampigia nikitaka tulie pamoja, yeye akasema kama mwalimu angekuwa na bunduki wasingekufa wengi. Nikakasirika. Hata hivyo kiangazi tukaenda kumtembelea, mimi na Brice na binti yetu Nicole, tukasema tukionana uso kwa uso yatakwisha. Alitupokea vizuri mno, alichinja mbuzi kwa mzungu mmoja mwenye shamba, akapika sombe, kisamvu cha kwetu, kwa mkono wake mwenyewe. Tukakaa mezani, akasimama kuombea chakula, alipoinua mikono shati likapanda, nikaiona bastola kiunoni.

Nikasema, "Yaya, hiyo ni nini?"

"Ni yangu. Nina kibali."

"Iondoe mezani mbele ya Nicole."

"Goretti, hapa ni kwangu. Hapa si Kanada, ambako mnangoja polisi waje wahesabu maiti."

Nikamwambia kitu kama hicho ndicho kilichotuulia baba. Akaniangalia sana, akasema, "Baba alikufa kwa sababu mikono yake ilikuwa mitupu. Siku ile angekuwa nayo hii, angekuwa hai." Nikasema, "Siku ile wale wasingekuwa nazo, angekuwa hai." Tukanyamaza wote. Tulikuwa tunamgombania baba yuleyule, kwenye mlango uleule, na sombe inapoa.

Hapo Nicole, ambaye anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza tu, akamwambia mjomba wake kwa upole kwamba anaogopa kulala katika nyumba ile. Sijawahi kuona uso wa yaya ukianguka namna hiyo. Alitoka nje, akaenda kukaa ndani ya lori lake. Sisi tukahamia hotelini na kesho yake tukapita kuaga, yeye akatupungia mkono kutoka barazani, tukarudi Toronto.

Tangu hapo hatuulizani tena kama tumekula. Kwenye kundi letu la WhatsApp ananitumia video ya mwanamke aliyejiokoa kwa bastola, mimi namtumia ya mama anayelia shuleni, ndiyo mazungumzo yetu.

Sasa Nicole anaolewa mwezi wa nane, na kwetu mjomba ndiye anayesimama kumkabidhi binti, tena huyu ni mjomba aliyenilea mimi. Mwezi uliopita akanipigia ghafla, hata salamu hakutoa, akaniuliza, "Nikija huko kwa gari, mpakani wanakagua?" Damu ikanipanda. Nikamwambia usiniletee aibu, nikakata simu. Kesho yake akatoka kwenye kundi.

Brice amechoka. Amesema yaya aache siasa zake mpakani ama asije kabisa, na tayari ameshaongea na mzee Gaspard wa kanisani kwetu, mtu mzuri, asimame mahali pa mjomba. Nicole anasema anamtaka mjomba wake, halafu anasema anaogopa ataanza maneno ya bunduki mbele ya wakwe. Mimi sili vizuri. Nimwache Gaspard asimame, ili harusi iwe ya amani? Ama nimpigie yaya? Na nikimpigia nitasema nini, kwa sababu siwezi kudanganya kwamba nimekubali mambo yake, sijakubali na sitakubali, ila yeye ndiye mgongo ulionivusha.

Goretti, Weston

Goretti binti yangu,

Pole sana. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaketi.

Sasa nikugombeze. Maneno yote mliyotupiana juu ya bunduki, yeye na wewe, mimi nilikuwa nimeshayasikia kwenye televisheni. Kondoo, mwalimu mwenye bunduki, mnatunyang'anya, mnaua watoto. Hayo ni maneno ya kuazima. Wamarekani wamegombana kwa maneno hayo tangu sijapata mvi, na wataendelea kugombana bila msaada wenu. Neno lenu wenyewe mlilisema mara moja tu, pale mezani, mlipomtaja baba. Na hapohapo mkanyamaza.

Hebu rudia ulichoniandikia. Alikuziba uso kifuani kwake, wewe ukasikia tu. Basi yeye macho yake yalikuwa wapi? Wewe ulisikia, Goretti. Yeye aliona. Umewahi kumuuliza aliona nini? Miaka yote hiyo ya simu za Jumapili mmeulizana habari ya mgongo na chakula, hilo hamkuulizana, na sasa mnaliulizana kupitia kwa wanasiasa ambao hawawajui.

Kuhusu swali lake la mpakani, wewe umeamua alitaka kuipenyeza bastola. Huenda. Huenda pia alitaka kujua kama aiache nyumbani. Huenda ana soseji za nguruwe anataka kuwaletea. Mimi sijui alimaanisha nini, na wewe hujui, kwa sababu ulikata simu. Mtu aliyekuwa amenuna miezi yote ile ananyanyua simu na kusema "nikija huko", na wewe neno hilo hukulisikia.

Usinielewe vibaya. Kwenye suala lenyewe niko upande wako. Mtoto wa dada yangu, Aleem, ana duka huko Georgia. Aliwekewa kisu shingoni na wezi, na tangu hapo ana bastola chini ya kaunta. Mimi siipendi na nimemwambia. Yeye hapendi kuambiwa, naye ameniambia. Kila Idi anapanda ndege kuja kwangu Richmond Hill kula biriani yangu, na hatujakubaliana mpaka leo. Simwombi akubali. Namwomba aje.

Tena kuna jambo ambalo sitaki ulilegeze hata kidogo. Nicole aliposema anaogopa, hakumkosea mjomba wake adabu. Mgeni ana haki ya kuomba silaha ifungiwe mbali kabla hajalala kwenye nyumba, na siku mkienda tena Kentucky, omba hilo kabla hamjatoka Weston, si mkiwa mezani.

Na mumeo mwambie hivi kutoka kwangu: mjomba hakodishwi kama viti vya harusi. Mzee Gaspard simfahamu, lakini kama ni mtu mzuri kama unavyosema, atafurahi kuambiwa kwamba mwenyewe amepatikana. Mpeni kazi ya kupokea wageni.

Sasa fanya hivi. Zima hiyo televisheni ya Marekani mpaka harusi ipite. Wasiwasi wako juu ya kaka yako haijauponya, imeuzidisha. Video zote ulizomtumia zifute. Kisha mpigie, kwa sauti, usimwandikie, tena wakati ameegesha lori, na Brice asiwepo chumbani. Anza na alichokula. Mwambie ulikosea kukata simu, kwa sababu ulikosea. Mwambie Nicole hatakabidhiwa na mtu mwingine. Halafu mwambie bila kuzungukazunguka kwamba bastola inabaki Kentucky, kwamba sheria ya huku hairuhusu mgeni kuingia nayo, na kwamba hata ingeruhusu wewe ungekataa. Ukumbini siasa za Marekani hazitajwi, si na yeye, si na wewe. Usijifanye umebadilika. Hatakuamini, na hana haja ya hilo.

Mkishamaliza hayo yote, na kama bado yuko kwenye simu, muulize aliona nini siku ile. Kisha funga mdomo na usikilize.

Bi Shahnaz

Nyongeza

Gazeti letu huchelewa kuchapwa, kwa hiyo majibu haya nilimsomea Goretti kwa simu kwanza, maana harusi haisubiri mhariri. Jumapili iliyofuata alinipigia, na ameniruhusu niwaeleze wasomaji.

Alimkuta kaka yake amepumzika kwenye kituo cha malori. Aliuliza habari ya chakula, akajibiwa kwa mkato. Alipofika kwenye bastola, Eustache alimkatiza. Alisema ameshanunua sanduku la chuma na ameifungia humo nyumbani, na kwamba siku ile alipopiga alichotaka kujua ni kama mpakani wangeikuta ndani ya gari na kumtia ndani asiione harusi, kwa sababu ameizoea mno mpaka anaogopa kuisahau chini ya kiti.

Kisha Goretti akamuuliza aliona nini siku ile.  Kaka yake akamwambia kwamba baba aliwaona pale nyuma ya banda. Aliwaona, akageuka, akatembea kuelekea kwa wale vijana, upande mwingine kabisa, akiongea kwa sauti kubwa ili wamtazame yeye.

"Mkono mmoja nilikuwa nimekuziba mdomo," Eustache alisema. "Mwingine nilikuwa nimekushika. Sikuwa na mkono wa tatu. Ndiyo maana nakivaa kile kitu, Goretti. Si kwa ajili ya redio."

Goretti alimwambia hakuwahi kujua kama baba aliwaona. Walilia, kila mmoja kwenye nchi yake. Baadaye Eustache akasema, "Lakini sijabadilika." Goretti akasema, "Nami sijabadilika." Akajibu, "Basi nipe jina la ukumbi."

Kwa hiyo anakuja. Mzee Gaspard amekubali kupokea wageni, na Brice amenuna kidogo, atapona.

Kabla ya kuagana Goretti aliniuliza kama naona watagombana tena harusini. Nilimwambia sina shaka watagombana. Mwekee kiti cha karibu nawe kabisa, ili mkianza msilazimike kupaza sauti.