Majibu Hasi

Kwa kaka yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini mafua yaliyomlaza wifi yamekwisha. Sisi huku tunapumua, na kwa hali yangu kupumua si jambo dogo.

Cherehani bado nakanyaga kidogo kidogo. Pasi ndiyo siigusi, maana mkono wenye mshipa wa mashine ya kusafisha damu hauruhusiwi kubeba kizito. Shemeji yako ndiye mpiga pasi siku hizi, na marinda ya watu anayapinda anavyojua mwenyewe. Wateja wananionea huruma, wananyamaza.

Kaka, unakumbuka ile chanjo ya homa ya ini? Nilichomwa dozi kubwa kuliko ya watu wengine, kwa sababu sisi wa figo miili yetu ni mizito kujifunza. Baadaye wakanipima, nesi akaniambia majibu ni hasi. Mimi hasi naijua ni neno la kushukuru: ukipimwa malaria ikawa hasi, unakwenda zako. Nikaenda zangu. Shemeji yako, mwanamume mzima, alipiga vigelegele hadi jirani akauliza nani kaolewa. Hata wewe ulinipigia simu kunipongeza.

Kumbe walipima kinga, si ugonjwa. Hasi ile maana yake chanjo haikushika, nilitakiwa nirudi nichomwe upya. Nesi alidhani nimeelewa, nami nilidhani nimesalimika. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, kwa hiyo sina hata wa kumkasirikia.

Wiki iliyopita wakanihamisha mashine. Sasa nasafishwa damu peke yangu, chumba cha pembeni, na wenzangu niliozoea kutaniana nao wananipungia kupitia kioo. Daktari alikuja akaketi kitandani pangu, nikajua. Homa ya ini imeniingia. Upandikizaji wa ile figo uliyojitolea kunipa usubiri, alisema, mpaka dawa zitulize virusi. Nikamuuliza kama moyo wangu huu ulioanza kutanuka nao utasubiri. Akasema, "Dada yangu, sijui."

Najua umeshaomba ruhusa kazini. Mama nimemwambia safari yako imesogezwa tu. Kweli yenyewe imenishinda kutamka. Wewe nakuambia: nimekata tamaa, kaka. Figo yako baki nayo, itunze. Lakini njoo hivyo hivyo, mikono mitupu, na usichelewe.

Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba