Kamera Upande wa Kulia

Skuta, Nyeri
7 Mei 2023

Kwako dada yangu Wakonyo,

Habari ya huko Timau? Presha inasemaje, na mtoto anacheza? Huku tuko sawa, ni baridi tu, na mvua imenyesha wiki nzima mpaka nguo zimeanza kunuka kwa kamba. Mama yuko Gakindu na kahawa yake. Anakusalimia na anakuombea kila jioni, tena kwa sauti.

Mwiti alinipigia akanieleza vile daktari amekushona mlango wa kizazi na kukuamuru ulale mpaka ujifungue. Akaniomba nisikupigie simu, ati mimi na wewe tukiongea tunaanza na salamu, tunaingia kwa ubishi, tunamalizia na machozi, na presha yako inapanda. Nilitaka kukasirika lakini bwanako amesema ukweli. Basi nitakuandikia. Kwa barua angalau huwezi kunikatiza.

Sasa sikia. Ile mashine ya baba ya kucheza pinboli bado iko hapa karakana yangu. Si unakumbuka alivyoileta kwa mkokoteni klabu ya wazungu ilipofungwa, tukaikuta sebuleni pahali pa makochi, na mama akakaa siku mbili bila kumsemesha? Kioo hakijapasuka, taa zinawaka, mpira wa chuma bado unateremka na kelele zake zote, na ile mikono miwili ya kuurudisha juu nimeivalisha raba mpya. Jumamosi watu wanakuja kucheza. Warigia wa duka la dawa hataki kushindwa, akishindwa anasema meza ya mashine imeinama vibaya. Rafiki yangu Kim naye ako na mashine yake huko Karatina.

Nataka kutengeneza stendi ya kamera, ya kukunja na kubeba, niwe ninarusha michezo laivu mtandaoni, leo hapa, kesho kwa Kim. Watu watatazama wakitaka. Lakini naijenga kwa sababu yako. Utakuwa umelala huko Timau, na Jumamosi utakuwa hapa na sisi.

Usiinuke kunijibu. Andika ukiwa umelala.

Ndugu yako,
Wamae


Timau
15 Mei 2023

Ndugu yangu Wamae,

Pokea salamu kutoka kitandani. Mimi ni mzima kuanzia shingo kwenda juu, huko kwingine ni mali ya daktari. Mwiti ananipikia uji kila asubuhi kabla ya kwenda kwa greenhausi, na uji wake ni wa kutafuna, lakini nakunywa.

Umenichekesha na stendi yako. Wewe uliyejenga kabati ya mama ikafunguka kwa nyuma? Jenga tu, nitatazama. Nimechoka kutazama dirisha. Kwa dirisha kuna kipande cha mlima na shamba la ngano, na mchana kutwa ukungu unapita juu ya ngano ukirudi na kwenda, mpaka nafikiri ni kitanda changu kinachotembea. Wakati mwingine nasinzia, nikiamka sijui kama niko hapa ama niko Skuta na tuko shule ya msingi.

Nitakuambia kitu ambacho simwambii Mwiti, maana yeye anaogopa kuliko mimi. Hawa wawili tuliowapoteza wote waliondoka mimba ikiwa ya mwezi wa sita. Mwezi wa sita ndio huu naingia. Huyu akienda sitajaribu tena, Wamae. Sina nguvu hiyo. Kwa hivyo nikikuambia niko sawa, ujue ninalala hapa nikihesabu mateke yake na kumbembeleza abaki.

Hebu nipe kitu kingine cha kuwaza.

Dada yako,
Wakonyo


Skuta
29 Mei 2023

Dada mpendwa,

Umeamkaje, wewe na huyo mgeni wetu? Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa chini, nikaisoma tena. Sina maneno mazuri ya kukupa. Niko na mabomba.

Nilianza na mabomba ya plastiki ya maji, kwa sababu ni mepesi. Warigia akapiga mashine nyonga moja, unajua vile anapiga, na picha yote ikatetemeka mpaka ungedhani kuna tetemeko la ardhi Nyeri. Nikahamia vyuma vya pazia. Miguu miwili inasimama sakafuni, haigusi mashine hata kidogo, na kila mguu una mfuko wa maharagwe ya kuukalisha. Juu kuna mkono mrefu unaopita hewani mpaka katikati ya meza, na mwishoni nimefunga simu kwa kishikio cha baiskeli. Simu ya pili inatazama hesabu ya pointi. Ya tatu ilikuwa itazame uso wa mchezaji, lakini Warigia amekataa, anasema akicheza anatoa ulimi.

Kioo ndicho kilinisumbua. Balbu ya dari ilikuwa inakaa hapo kama mwezi, na mpira ukipita chini yake unapotea. Nimeshona kitambaa cheusi, nimekining'iniza juu, na taa ndogo nimezipitisha pembeni. Sasa kioo hakionekani kabisa. Chombo chote kinakunjwa kinaingia kwa begi ya gitaa la kanisa. Nilikibeba mpaka kwa Kim nikakisimamisha kabla chai yake haijachemka.

Jumamosi saa nane mchana fungua kiungo nilichomtumia Mwiti. Nimeiweka kamera juu kabisa, utaona kila kitu.

Ndugu yako,
Wamae


Timau
5 Juni 2023

Ndugu yangu,

Hujambo, na mikono yako haijaungua kwa kuchomelea vyuma? Mimi nimelala tu. Mtoto bado yupo.

Nilitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Picha ni safi, mpaka mikwaruzo naiona. Sasa usikasirike. Wamae, siijui hiyo meza. Nililala hapa nikiitazama nikaona ni mashine ya watu wengine. Mpira ulikuwa unazunguka huko chini kama mdudu kwenye sinia, nami niko juu darini, na sikuweza kujua ni lini utafika mkononi. Nililia kidogo. Mwiti akataka kuizima.

Halafu nilipofunga macho nikaiona vizuri. Sisi hatukuwahi kuitazama kutoka juu, wala hakuna hata siku moja niliyoitazama kutoka katikati. Tulikataa kupokezana, ukumbuke. Wewe ulishika kitufe cha kushoto, mimi cha kulia, mabega yamesukumana, na mimi nilisimama juu ya kreti ya soda kwa sababu nilikuwa mfupi. Maisha yangu yote nimeiona hiyo meza kutoka kulia, chini chini, pua ikigusa kioo. Upande wako niliuona kwa mbali, palikuwa kama kwa watu wengine.

Nirudishe mahali pangu tafadhali.

Dada yako,
Wakonyo


Skuta
18 Juni 2023

Kwako Wakonyo, mwenye upande wa kulia,

Salamu, na pole kwa kulia. Hapa ni ukungu mtupu, kuanzia asubuhi taa za magari zinawaka.

Niliposoma nilijiona mjinga. Nimejenga wiki tatu nikifikiria mpira, sikufikiria macho yako. Nilienda kwa duka nikaomba kreti, nikaiweka kulia kwa mashine, nikapiga magoti juu yake mpaka uso wangu ukafika pahali nafikiri wako ulikuwa. Warigia aliuliza kama naomba. Nikamwambia ndiyo.

Unajua niliona nini? Kutoka hapo mkono wangu wa kushoto hauonekani vizuri. Miaka hiyo yote ulikuwa unanipasia mpira bila kuniona. Nilikuwa nadhani ni mimi nilikuwa hodari.

Nimekata mkono wa stendi, nimeuzungusha, kamera sasa iko kulia kwa urefu wa mtoto wa darasa la tatu. Wale wengine wanaotazama wamelalamika ati picha iko pembeni. Nimewaambia watavumilia.

Ndugu yako,
Wamae


Timau
3 Julai 2023

Wamae wangu,

Uko aje? Nimeuliza nikijua uko sawa, nilikuona juzi ukikuna kichwa.

Sasa niko nyumbani. Jumamosi inafika, Mwiti ananiegemezea simu kwa mto, ukungu unaingia kwa dirisha mpaka kwa blanketi, na meza inakuja, ile yenyewe, taa ya kijani karibu na shavu langu. Kidole changu kinapiga chenyewe. Mwanzoni nilikuwa napiga kelele nikuonye, halafu nikagundua mpira umeshapita kwako kabla haujafika kwangu. Intaneti inachelewa kidogo. Mimi naishi nyuma yako, pumzi chache tu. Unapokosa, mimi bado niko na matumaini. Nimependa kuishi hapo.

Mkono wako wa kulia ni mbaya sana, nikuambie tu. Unapiga mapema.

Mwezi wa sita umepita. Sijamwambia mtu kwa sauti, nakuandikia wewe. Mpira ukigonga zile kengele, huyu mtoto anageuka. Mwiti aliweka mkono akasikia, akatoka nje akakaa huko kwa muda. Naogopa kufurahi, lakini nimefurahi.

Dada yako,
Wakonyo


Nyeri, hospitalini
24 Julai 2023

Dada yangu,

Sijui utasoma hii lini. Mwiti anasema ulifungua macho ukauliza, ukalala tena. Pole, pole sana. Nakujibu mimi kwa sababu ni mimi niko naye.

Yuko hai. Ni msichana. Presha ilipopanda wakakupasua huko Nanyuki, kisha wakamleta huku kwa ambulensi kwa sababu huku ndiko kulikuwa na nafasi ya kisanduku cha joto, na Mwiti akabaki na wewe maana presha ilikataa kushuka. Nilimpokea mlangoni. Ni mdogo, Wakonyo, sitakudanganya. Ana bomba puani na kofia ya sufu, na miguu yake inapiga.

Wananiambia figo zako zinasumbua, hutatoka kitandani hivi karibuni, na kwamba unauliza kila mtu kama wanakuficha. Basi jana nilimwendea sista Gladwell, msimamizi wa wodi, mwanamke asiyecheka. Nikamweleza hospitali hii ina mtoto na ile ina mama. Nikafungua begi ya gitaa nikamwonyesha stendi. Akauliza kama imewahi kuanguka. Nikamwambia imepigwa na Warigia miezi miwili haijaanguka. Akasema nikioshe chombo chote kwa spiriti, kisiguse kisanduku, mtoto wa mtu mwingine asionekane, na saa za kuona wagonjwa zikiisha nikiondoe.

Nimeosha kila chuma. Kiungo kina mtazamaji mmoja tu. Fungua ukiamka.

Ndugu yako,
Wamae


Nanyuki, hospitalini
28 Julai 2023

Wamae,

Salamu zangu ni fupi.

Nimemwona. Niliamini walikuwa wananidanganya wote, hata wewe. Nilifikiri mmekubaliana kuniambia pole pole. Kisha nikafungua nikaona kifua kinapanda, nikangoja, kikapanda tena. Nimetazama mpaka simu ikazima, Mwiti akakimbia kutafuta chaja wodi nzima.

Lakini kuna jambo linanitesa. Picha inachelewa, unajua. Ninachokiona kimeshapita. Kila kifua kinaposhuka nawaza kama huko kwako kimepanda. Zamani nilipenda kuishi nyuma yako, sasa siwezi. Daktari amesema bado siwezi kutoka. Nimemwambia presha yangu haitashuka nikiwa hapa, amesema kila mama husema hivyo.

Nikiwa sijafika, usitoke kando yake. Mwambie mama yake ni mimi.

Dada yako,
Wakonyo


Nyeri, hospitalini
7 Agosti 2023

Ndugu yangu Wamae,

Natumaini umelala na hii utaisoma ukishaamka. Ulipotuachia zamu mlangoni ulikuwa unayumba, hata hukusikia Mwiti akikuita. Presha yangu imeshuka, ndiyo maana waliniachilia, kwa hivyo usiamke ukaanza kuniuliza.

Nimekaa kwa kile kiti chako. Sista Gladwell alikuja akamtoa mtoto kwa kisanduku na mabomba yake, akafungua vifungo vya blauzi yangu bila kuniuliza, akamlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akatufunika sote. Akasema nisiongee. Kwa hivyo naandika kwa mkono mmoja, polepole.

Siku zote hizo nilimtazama. Nilijua kidole gani anakunja, nilijua akitaka kupiga chafya uso unafanyaje. Nilidhani ninamjua. Wamae, hukuniambia ana joto hivi.

Dada yako,
Wakonyo