Kigari cha Tusekile na jibu ninalolitaka

Jumatano, Tukuyu. Mvua ndogo tangu alfajiri, ukungu umekaa barabarani.

Kigari cha kumsukumia Tusekile kiliondoka Jumapili mchana, mimi nikiwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe na masikio yangu mazima.

Nilikuwa nimekiosha nikakianika barazani. Baba mkwe akaja kutoka Mpuguso na mkungu wa ndizi. Kwa wasiotujua: huku kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, wala hawasemeshani. Vijana wengi wameacha. Mimi naishika, kwa sababu mzee huyu ameniheshimu tangu siku ya kwanza. Basi akakohoa nje ili nijue yupo, nami nikabaki jikoni kimya. Nikasikia mkungu ukitua. Kisha nikasikia magurudumu yakilia kuelekea barabarani.

Sikutoka. Ningetokaje?

Jumatatu mama mkwe akapita dukani kwangu, anacheka. "Mwanangu, ndaga fijo, asante sana kwa kale kagari! Mzee anabebea mbolea ya migomba. Alidhani mmekatupa, maana mtoto si ameshakua?"

Nikacheka naye, nikaona vibaya kukidai papo hapo. Lakini Ijumaa tunapanda basi kwenda Dar es Salaam, na Jumapili tunampeleka Tusekile kwenye bustani kubwa ya michezo, ile yenye treni ndogo na mabwawa ya maji. Nilishaamua kigari kinakwenda.

Najua maneno ya watu. Wifi yangu alishayasema yote: "Mtoto anang'oa meno, wewe unamsukuma! Si umbebe na chupa ya maziwa kabisa?" Tusekile ana miaka sita, na kila siku anapanda kilima kwenda shule bila kulalamika. Sawa. Ila kilima chetu kina baridi na kina mwisho. Kule ni jua la Dar, foleni, na kutembea kutwa nzima.

Tulishakwenda mwaka jana bila kigari. Saa saba mchana miguu yake ikagoma. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge, yeye na begi la nguo na chupa za maji, na mume wangu akatangulia na simu akipiga picha. Treni, kitu pekee alichokuwa ameomba, hatukuifikia. Alilala mgongoni mwangu tukiwa tunaiona.

Juzi nilimpandisha kwenye mizani ya mchele. Kilo ishirini na mbili. Mimi nilianza na beseni la vitumbua kichwani mpaka nikafika kwenye duka hili. Mzigo naufahamu, na huu siubebi tena.

Nilipiga simu kuuliza kama wanakodisha. Wanavyo, vya watoto wadogo, mwisho kilo kumi na tano. Nikamuuliza na mwenyewe kama ataona aibu. Akanishangaa. "Nikichoka nakaa. Nisipochoka tunaweka begi."

Mtoto kamaliza hesabu yote.

Kilichobaki kilikuwa ujumbe kumfikia mzee, na ujumbe wangu kwake unapita kwa mume wangu. Jumatatu jioni nikamtuma. Akarudi: "Nimemwambia. Anasema mtoto mkubwa hasukumwi." Jana nikamtuma tena. "Mzee hataki, mama Tuse. Tumheshimu."

Nililala na kinyongo na mzee. Miaka yote ya kukaa jikoni akikohoa, halafu ananiamulia mambo ya mwanangu!

Leo shule zimefungwa, Tusekile ameshinda Mpuguso na shangazi yake. Amerudi jioni, matope mpaka magotini, akaanza kusimulia. Babu amemsukuma ndani ya kigari, kati ya migomba, mpaka mtoni na kurudi. Nikauliza, taratibu, babu anasemaje juu ya safari.

"Babu anasema hajaambiwa kitu. Anasema angejua tunakitaka angekiosha akakileta siku ileile."

Nikaendelea kumsugua miguu. Maji yakapoa kwenye beseni.

Kwa hiyo mzee hakukataa. Mzee hakuulizwa. Kuna mtu alijua kabisa kwamba mimi siwezi kwenda Mpuguso kumuuliza, akaukalia ujumbe wangu na kunijibu kwa kinywa cha baba yake.

Sina hasira ya kupiga kelele. Nimepika, tumekula, nimemwekea mboga yake. Nadhani naielewa sababu: hataki kuonekana mjini anasukuma mtoto wa miaka sita, wenzake aliosoma nao wakapita. Angeniambia hivyo ningemsikiliza. Pengine ningesukuma mwenyewe, yeye atangulie na simu yake kama kawaida. Lakini amelichukua jambo ninalolishika kwa heshima akajifichia humo, na kwa siku mbili amenifanya nimchukie mzee asiye na kosa.

Baba Tuse, najua ukurasa huu unausoma, huwa unausoma ukiwa kazini. Kigari nimeshamwagiza wifi, kesho asubuhi kinaletwa. Hilo limekwisha. Ninachokitaka kwako ni kingine, na usimtume mtu, usiseme "mzee anasema." Ni wewe uliyekataa, ndiyo au hapana? Nafunga duka kesho saa kumi na mbili jioni. Nataka jibu kabla sijashusha mlango.